Mwanangu huitikia "ndiyo" kwa kila kitu

SWALI: Shikamoo wakili. Mwanangu ana miaka 20 lakini akili yake ni ya mtoto; umuulize lolote, huitikia "ndiyo". Yeye na jirani wa miaka 26 walishikwa hapa Kisauni na betri ya tuktuk. Kituoni mpelelezi alimkalisha peke yake akamwambia atie kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Kortini wote wawili wakakiri. Jirani, aliyekuwa na wakili, kapewa kifungo cha nje. Wangu, miaka miwili gereza la Shimo la Tewa. Leo siku ya tisa. Ndiyo haki hii?
Mama, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilikupigia siku ile ile, kwani rufaa hukatwa ndani ya siku 14 na gazeti lingechelewa. Haya nawaandikia na wengine.

Mfungwa hukabidhi rufaa yake kwa mkuu wa gereza, ikapelekwa Mahakama Kuu. Wewe nenda masjala ya mahakama ukaombe nakala ya mwenendo wa kesi.

Ile karatasi ya kidole isikutie kiwewe. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi chataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au polisi asiyeipeleleza kesi, wa cheo cha inspekta kwenda juu, pamoja na mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Lakini si karatasi iliyomfunga. Ni ile "ndiyo" ya kortini.

Aliyekiri huruhusiwa kulalamikia adhabu tu, si hatia. Ila kama kukiri kwenyewe kulikuwa na walakini. Tangu kesi ya Adan ya 1973, mashtaka huelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa na jibu huandikwa kwa maneno yake. Ukikuta kwenye nakala ile "ndiyo, ndiyo" tupu, hapo ndipo pa kushika. Tafuta na barua ya daktari, hata ya mwalimu wake wa zamani.

Adhabu mbili kwa kosa moja zaweza kuwa halali: huangaliwa umri, nani aliongoza, nani ana rekodi. Sababu lazima ziandikwe, lakini. Hapa mkubwa yuko nje na mwenye akili ya mtoto yuko ndani! Mimi ningeuliza kama afisa wa probesheni aliandika ripoti ya mmoja au ya wote wawili.

Na ukienda kumwona, usimuulize la ndiyo au la. Mwambie, "Baba, nihadithie."