Mafini za mabibo: ondoa ukakasi kwanza

Mafini zangu za kwanza zilikuwa za embe. Jirani yangu mtu mzima alionja moja, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hii keki au uji ulioganda?" Juu zilikuwa na rangi nzuri ya kahawia, katikati zimelowa. Nikadhani ni moto. Mara ya pili nikaongeza mkaa, zikaungua juu na katikati zikabaki vilevile. Kumbe tatizo lilikuwa maji ya tunda. Embe bivu likipata joto linatoa juisi, na unga unaolizunguka hauivi.

Tangu siku hiyo tunda ambalo halijapikwa silitii kwenye unga, isipokuwa ndizi, tena ile iliyoanza kuweka ganda jeusi, ambayo muuzaji anakuachia kwa bei ya chee.

Ila kwetu Mtwara, kuanzia Oktoba hivi, tunda la kuokea ni bibo, tunda la mkorosho. Watu wanachukua korosho, mabibo yanabaki chini ya mkorosho yakichacha. Mimi huumia nikiyaona, maana ni tamu na hayana bei.

Kinachowashinda wengi ni ukakasi, ule unaokaza ulimi na kukwaruza koo. Usitegemee moto wa kuoka uutoe. Chagua mabibo yaliyoanguka leo, magumu kidogo. Bibo halilali, kesho yake linanuka pombe. Kata ncha zote mbili, katakata vipande, chemsha dakika 5 kwenye maji yenye chumvi, vijiko 3 vya chai kwa lita 1. Mwaga maji hayo, suuza vizuri, kamua kwa mkono. Kisha rudisha kwenye sufuria na kijiko cha sukari, koroga mpaka yakauke na kuwa mazito kama jamu. Yaache yapoe. Na uvae nguo chakavu, doa la bibo halisikii sabuni.

Kwa mafini 12: unga wa ngano vikombe 2, sukari nusu kikombe, beking poda vijiko 2 vya chai, chumvi kidogo. Bakuli la pili piga mayai 2, mafuta theluthi ya kikombe, maziwa nusu kikombe, halafu mabibo yako kikombe 1. Mimina kwenye unga, changanya kwa mwiko mara kumi na kitu tu, acha hata kama kuna mabonge madogo. Hapa ndipo mkono uliozoea chapati unapoharibu kazi. Chapati inataka kukandwa. Mafini ukizikoroga sana zinakuwa ngumu na kuvutika kama mpira. Malizia na vipande vya korosho zilizokaangwa. Za kuvunjika zinatosha, nzima ni za kuwapa wageni.

Jaza vikombe vya bati vilivyopakwa mafuta, kila kimoja robo tatu.

Mwenye oveni aweke nyuzi 190, dakika 20 hadi 25. Sisi wa mkaa: sufuria kubwa, mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili, funika, pasha dakika 15 kabla ya kuweka vikombe. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Mchanga wa baharini nimeujaribu, usihangaike nao, chumvi yake inakula sufuria. Na usifunue funue. Subiri dakika 20 ndipo uchome kijiti. Kikitoka kikavu, zimeiva.

Usizifungie kwenye chombo zikiwa moto. Kwa joto hili la pwani zitatoa jasho na kunata juu. Mimi huzipoza kwenye ungo, na ungo wenyewe nauning'iniza, maana sisimizi wa hapa mtaani kwetu Shangani wanajua saa ya kuoka kuliko watoto wangu.