Maswali ya poka (karata mbili mkononi, tano za wote mezani): mkono mzuri unamfichia nani?

Swali (Wete): Ami, nilikuwa na tisa mbili mkononi. Karata tatu za mwanzo mezani zikawa tisa, sita na mbili, na karata mbili kati ya hizo ni kopa. Nikapitisha, sikutia dau, ili wenzangu wasishtuke. Mwisho mmoja akafunua kopa tano, akazikomba komwe zangu zote. Nilikosea wapi?

Jibu: Pale ulipopitisha. Tisa tatu ni mkono wa kupandisha dau papo hapo. Mwenye kopa nne, akibakiwa na karata mbili za kungojea, huipata ya tano kama mara 35 katika 100, nawe umemruhusu angojee bila kutoa hata komwe moja. Mtoze! Katikati mkiwa na komwe 20, weka 15. Akifuata, akatia 15 zake, ameilipia tamaa yake, na karata ya nne ikija siyo kopa, mtoze tena. Na yule mwenye jozi yake ya sita naye angefuata. Huyo ndiye mlipaji wako, umemwokoa bure.

Vijana wa barazani sijui nani kawaambia kila mkono mzuri ufichwe. Jozi ya mkononi hupata ya tatu yake katika karata tatu za mwanzo kama mara 12 tu katika 100. Ikupate bahati ya nadra hivyo, halafu usile kitu?

Swali (Bububu): Nina ree mbili, mezani hamna kitu bado. Nipandishe au nifuate tu?

Jibu: Pandisha. Swali hili nimeshalijibu, someni kabla ya kuandika. Mbele ya mtu mmoja mwenye karata zozote, ree mbili hushinda kama mara 85 katika 100. Waachie watano waingie kwa bei rahisi, zinashuka chini ya nusu.

Swali (Makunduchi): Kwani hakuna siku ya kuficha?

Jibu: Ipo. Una nane mbili, mezani zikaja nane nyengine mbili na tatu moja. Nane zote unazo wewe. Ukipandisha atakufuata nani, na kwa kitu gani? Hapo tulia, mwache mtu apate jozi yake. Tulia pia ukiwa na mwenye pupa anayetia dau kila zamu: mwache atie, kisha umpandishie. Lakini mezani pakiwa na kopa mbili au karata zinazofuatana, usithubutu.

Swali (Mkoani): Tukicheza kwa mia mia tu, si watu wataacha kufuata ovyo?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kamari ni haramu, iwe mia au laki. Suratul Maida, aya ya 90, imeitaja pamoja na ulevi. Gaweni komwe za bao sawasawa, anayeishiwa atoke mkekani na asiongezwe hata moja. Mtaona watu wanavyozichunga. Na zile programu za simu zinazokupa sarafu za bure leo, kesho zikakutaka utie pesa zako, zifute usiku huu huu.