Waliosimama Hadi Saa Kumi na Moja: Barua kwa Binti Yangu

Binti yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako niliipata Jumamosi, nikaisoma mara mbili kabla ya kumsomea mama yako. Unauliza kama ni haki baba yako mdogo, aliyetubu kitandani wiki tatu tu kabla ya kufariki, apewe na Mungu sawasawa na Bibi yako, aliyefunga na kuomba miaka yote hiyo. Mchungaji alisoma Mathayo 20 kwenye mazishi, ule mfano wa mwenye shamba aliyewalipa vibarua wa alfajiri na wa jioni ujira ule ule, na naona ile dinari moja kwa wote imekukwama kooni.

Nitakujibu, ila kwanza nikurudishe kwenye saa. Umenisikia nikilisema hili tangu mkiwa wadogo: katika mfano ule anza na saa, usianze na mshahara. Mwenye shamba anatoka alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho kabisa saa kumi na moja. Sisi hatuhitaji mfasiri wa saa hizo, kwa kuwa watu wa wakati wa Yesu waliuhesabu mchana kama tunavyouhesabu sisi, tangu jua linapochomoza. Saa kumi na moja ni hiyo hiyo unayoijua, vivuli vimerefuka na imebaki saa moja giza liingie. Anawauliza wale wa saa hiyo ya mwisho mbona wamesimama mchana kutwa bila kazi, nao wanajibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Wengi hulipita jibu hilo haraka wakikimbilia malipo, na mimi nililipita vivyo hivyo kwa muda mrefu.

Mwaka 1978, kabla ya daraja jipya la Nyali, huko Mombasa, kufunguliwa, mimi na baba yako mdogo tulikuwa tukitoka Kengeleni gizani, tukivuka lile daraja la zamani lililoelea majini, hadi Shimanzi kwenye lango la godauni moja la kahawa. Tulisimama bega kwa bega na vibarua wenzetu mpaka mnyapara atoke. Hakuita majina. Alipita akigusa mabega kwa kijiti, na aliyeguswa alipewa kikaratasi chenye namba, ambacho kilikuwa kimelowa jasho kiganjani kabla hata kazi haijaanza. Siku moja niliguswa mimi, na kijiti kikamruka yeye kwa sababu ya ule mguu wake.

Nilibeba magunia ya kilo 60 hadi jioni. Nilipotoka nilimkuta pale pale, mgongo ukutani, midomo imekauka, ameegemea mguu mzima ili ule mwingine upumzike. Mimi nilikuwa na fedha mfukoni, na mchana nilikuwa nimekula mahamri na mbaazi. Nikamwambia, "Kesho uamke mapema." Binti yangu, tulikuwa tumeamka pamoja! Yeye ndiye aliyeniamsha. Hakunijibu neno. Tulivuka daraja, yeye akiwa nyuma yangu, nami nikausikia mguu ule ukiburutwa njia nzima hadi nyumbani. Mwaka huu nilipokwenda hospitalini nilikuwa nimekusudia kumwomba radhi kwa neno lile, lakini nilimkuta amelala, na siku iliyofuata alikuwa hawezi tena kusema.

Ndiyo maana nasema anza na saa. Dinari ilikuwa ujira wa kutwa, yaani mkate wa nyumba kwa siku moja, na fungu moja kati ya mafungu kumi na mawili ya dinari lisingeshibisha watoto wa mtu yeyote. Torati yenyewe, katika Kumbukumbu 24, inaamuru kibarua alipwe kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautumainia ujira huo. Mwenye shamba alijua kwamba tumbo la aliyeachwa langoni lina njaa ile ile ya aliyechaguliwa, na pengine imezidi.

Lakini sitaki kukudanganya, na nafsi yangu inanibishia ninapoandika. Baba yako mdogo hakusimama langoni maisha yake yote. Baadaye alipata kazi, akaiacha; akapata nyingine, akainywa, na unajua ni nani aliyelipa karo za watoto wake. Wale wa alfajiri waliponung'unika kwamba wamestahimili taabu na hari za mchana kutwa, mwenye shamba hakuwaambia kwamba wanasema uongo. Hari ilikuwa kweli. Bibi yako ameibeba hari hiyo, na mtu akiniambia haikuwa kitu nitamkatalia mbele ya watu. Na bado, kila ninapotaka kumhesabia ndugu yangu miaka aliyoipoteza, nakwama kwenye ile siku moja ambayo hakuipoteza yeye.

Unataka nikuambie kama amepata dinari yake. Ulimi unawasha kusema ndiyo, na kuna siku, hasa ninapokumbuka zile karo, unawasha kusema vingine. Mwulize Bibi yako, ambaye alimmenyea machungwa pale wodini kila siku, akimlisha kipande kimoja kimoja na kumfuta kidevu, na sijamsikia hata mara moja akiuliza yeye atapewa nini. Mimi niliguswa na kijiti alfajiri. Mwenye shamba alimwuliza mmoja wetu kama jicho lake limekuwa ovu kwa sababu yeye ni mwema, na katika jambo la ndugu yangu bado sijaweza kumjibu.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako