Aliyebeba begi siye lazima aliyetelekeza

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unauliza kama miezi 8 tangu mumeo aondoke inatosha kudai talaka, na kama ni kweli anavyosema, kwamba wewe ndiye uliyemtelekeza kwa sababu ulihamia kwa dada yako baada ya kile kipigo.

Nianze na hilo la pili, maana limeninyima usingizi. Hujamtelekeza mtu. Mahakama haiulizi nani alibeba begi kwanza. Inauliza nani aliyavunja maisha ya pamoja akiwa na nia ya kutorudi, bila ridhaa ya mwenzake na bila sababu ya msingi. Kupigwa ni sababu ya msingi. Tena mara nyingi anayeyafanya maisha yasikalike mpaka mwenzake akatoka, huyo ndiye huhesabiwa mtelekezaji, ingawa yeye amebaki nyumbani. Miaka yangu ya ukarani mahakamani niliwaona wanawake wakiingia na vichwa chini, wakiamini kuvuka kizingiti kumewapotezea haki. Inaniuma kukuona miongoni mwao.

Kuhusu muda, hapo inategemea sheria inayosimamia ndoa yenu. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kutelekezwa kwa makusudi kusikopungua miaka 3. Kenya, sheria ya mwaka 2014 inataja 3 pia. India, kwa ndoa za Kihindu, ni 2. England na Wales ilikuwa 2, hadi tarehe 6 Aprili 2022 walipoacha kuuliza kosa ni la nani. Kwa hiyo miezi 8 peke yake haikufikishi. Lakini Tanzania, Kenya na India zote zinautambua ukatili kama sababu nyingine kabisa, isiyongoja miaka hiyo. Simama hapo.

Sasa ule ujumbe wake: “Usinisubiri, sirudi.” Huo unaonyesha nia, na tarehe iko juu yake. Wewe ukamjibu “sawa.” Najua ilikuwa sawa ya mtu aliyechoka kulia, ila wakili wake anaweza kuisoma kama ridhaa, na waliokubaliana kutengana hakuna aliyemtelekeza mwenzake. Usiifute lakini. Mwoneshe wakili wako simu yenyewe, na karatasi ya daktari ya siku ile, umweleze ulivyokuwa ulipoiandika.

Niambie siku ya kwenda. Nitakaa nawe humo ndani.

Mama yako