Usikimbilie lenzi kubwa

Nilipokuwa mwanafunzi wa patholojia, yaani usomaji wa magonjwa kwenye vipande vya mwili kwa hadubini, niliandika "saratani" kwenye kipande cha kibofu cha mgonjwa wa kichocho, na haikuwa saratani. Mwalimu wangu aliizuia ripoti kabla haijatoka, akarudisha lenzi ya mara 4, akaniambia nisome upya taratibu.

Nilikuwa nimerukia lenzi ya mara 40. Huko seli zilinitisha: viini vikubwa, vyenye doa jeusi katikati. Lakini seli inayoziba kidonda nayo hukuza kiini chake. Kwa lenzi ndogo niliona nilichokiruka: mayai ya kichocho yenye mwiba nchani, yamezingirwa na eosinofili tele, yaani seli za kinga zenye kiini cha vipande viwili na punje nyekundu. Juu yake utando wa kibofu ulikuwa bado umejipanga tabaka kwa tabaka. Hakuna seli iliyovunja mpaka kwenda chini.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza, kwanza tafuta limfosaiti, seli ndogo ya kinga. Kiini chake ni duara, kimekoza, kinakaribia ukubwa wa chembe nyekundu ya damu, kama mikromita 7. Hiyo ndiyo rula yako. Kila kiini unachokishuku kipime nayo. Seli zilizopondwa na koleo wakati wa kukata kipande hubaki michirizi ya buluu, usizisome kabisa. Nyutrofili, seli nyingine za kinga, utazijua kwa kiini kilichogawanyika vipande 3 hadi 5. Seli ya plazma, nayo ya kinga, kiini chake kimesogea pembeni, na mara nyingine huwa na viini viwili. Usishtuke.

Saratani ya kibofu inayoandamana na kichocho ina sura yake. Viini havilingani, seli zinagawanyika kwa namna isiyo ya kawaida, makundi yanazama chini bila mpangilio, na katikati yake keratini, protini ngumu kama ya kucha, imejiviringisha kama lulu.

Sasa jambo ninalolihofia zaidi: kuona mayai ukatulia. Kichocho cha mkojo chenyewe husababisha saratani, kwa hiyo mayai na saratani vyaweza kukaa kwenye slaidi moja. Mimi nikikuta mayai huomba kipande kikatwe tena, ndani zaidi, nikakipitia chote ukingo hadi ukingo. Na ikiwa ni saratani, andika kama msuli umo kwenye kipande au haumo, na kama umevamiwa. Daktari wa upasuaji anausubiri mstari huo kabla hajapanga matibabu.