Barua kwa mwanangu: kile kilima juu ya kisima

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Bibi yako naye mzima, goti tu ndilo linalomsumbua asubuhi. Ujumbe wako niliupata juzi usiku: "Mama, mbona mnakataa machimbo na vijana wa hapo hawana kazi? Si kokoto hizohizo zilizonisomesha?" Haya si ya kujibu kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia.

Ni kweli, kokoto ndizo zilizokusomesha. Baba yako alipofariki ulikuwa kidato cha kwanza, nami nikaenda kukaa chini ya ule mwembe na nyundo. Jiwe nililishika kwa pete niliyoikata kwenye mpira wa tairi, ili vipande visinirukie machoni na vidole vipone. Debe kwa debe, mpaka lori lije. Kidole changu cha shahada unakijua kilivyo hadi leo. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mama yako anadharau kazi ya mawe.

Ila sisi tuligonga mawe tuliyoyaokota mashambani. Hawa wageni wa machimbo wanataka kupasua kilima kwa baruti na kuweka mtambo wa kusaga, na kilima chenyewe ni kile kilicho juu ya kisima.

Unakumbuka mlipopelekwa Mapango ya Amboni, kule Tanga, ukiwa darasa la tano? Ulirudi umechafuka, hata chakula hukitaki, unanieleza tu kwamba mapango yale hayakuchimbwa na mtu. Maji ndiyo yaliyolila jiwe la chokaa kidogo kidogo, mamilioni ya miaka. Mimi nimezaliwa jirani na mapango hayo na jambo hilo nililisikia kwako. Basi jiwe la kilima chetu ni lilelile. Ndani lina nyufa na vijia. Mvua ikinyesha juu, maji yanapita humo hadi kisimani, hayapati mchanga wa kuyachuja njiani. Vumbi la mawe na mafuta ya mitambo yatafuata njia hiyohiyo. Na baruti yaweza kuuziba mshipa wa maji au kuugeuzia kwingine, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Kwa shangazi yako nimeyaona kwa macho yangu. Kule walianza kupasua mwaka juzi. Nilichota ndoo asubuhi, maji meupe kama tui. Tukayaacha yatulie hadi adhuhuri, na chini ya ndoo pakabaki tope laini, jeupe, unene wa kidole. Ukuta wa chumba unacholala ukienda kwake una ufa. Niliingiza sarafu ya shilingi mia mbili ikapita. Alipolalamika aliambiwa nyumba yake ilijengwa vibaya. Nyumba aliyoikaa miaka thelathini!

Halafu kuna hili la saini. Mwezi wa pili tuliitwa mkutanoni, tukaambiwa wageni wanakuja kujitambulisha. Soda zikagawiwa, daftari la mahudhurio likapita, tukaandika majina. Wiki tatu baadaye tukaoneshwa muhtasari unaosema mkutano mkuu wa kijiji umeridhia, na karatasi iliyoambatishwa ni ile ya mahudhurio yetu. Dole gumba la bibi yako limo. Akaniuliza, "Mimi nimeridhia lini?" Nilishindwa kumtazama.

Umesema pia kwamba madini ni ya serikali, tunajisumbua bure. Madini ni mali ya umma, sibishi. Lakini msaidizi wa kisheria alitusomea: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni apate kibali cha maandishi cha mkaaji kabla ya kuchimba ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba. Tumepima kwa kamba: kutoka bikoni, ile alama ya mpaka waliyoisimika, hadi mlango wa jiko la bibi yako hazifiki 150. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe mradi haujaanza, wananchi wakiulizwa. Hapa hajaja mtu kuuliza. Tumewaandikia NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, na safari hii kila aliyetia saini amesomewa kwanza.

Kuhusu vijana, hapo umenigusa. Kwa shangazi yako mitambo ilikuja na waendeshaji wake. Wenyeji waliambulia ulinzi na kupakia. Lakini yule mwenzako mliyesoma naye, mtoto wa jirani, ameacha kuniamkia kwa sababu ya jambo hili. Ana watoto wawili na hata kazi ya ulinzi angeishukuru. Simlaumu, na inaniuma kila anapopita mlangoni.

Mkutano ni Jumamosi ijayo, nimeomba nafasi ya kusema. Nitakwenda na chupa ya maji niliyoichota kwa shangazi yako. Tope lake bado limekaa chini. Wewe nitafutie hizo sheria tatu kwa Kiswahili, uzichapishe kwa herufi kubwa, unitumie kwa basi la Alhamisi. Ijumaa jioni nataka nimsomee bibi yako.

Mama yako