Re: Simanjiro kule watu wanaishi kwa nini, si pori tupu?

Dada umeuliza kwa nini Simanjiro, hii wilaya ya mkoa wa Manyara, ni kubwa hivyo halafu watu wachache, na kama mto upo mbona hawalimi wote. Mi nipo Moshi ila nashuka huko sana.

Maji yapo pembeni tu. Mto Kikuletwa unatoka huku Meru na Kilimanjaro, unakutana na mto Ruvu pale bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu ndo unaupata Pangani unaoshuka hadi baharini. Sasa ukikaa ukingoni una mahindi, una mboga, unawasha pampu maisha yanaenda, ila ukiacha mto nyuma kidogo tu ni vumbi na migunga, mvua haba, hapo jembe halina kazi ni ng'ombe na mbuzi, na mfugaji anahitaji eneo kubwa la kuhama nalo, ndo maana watu wametawanyika. Na sio tupu jamani! Masika nyumbu na pundamilia wanatoka Tarangire wanakuja kuzalia kwenye nyanda zile, majani yake yana madini mazuri.

Bwawani samaki ni perege. Wanawake wanawabanika juu ya moshi mpaka wanakuwa rangi ya kahawia, wanapangwa kwenye tenga, ukipanda nao gari nguo inanuka siku mbili, ila watamu balaa.

Tanzanite ya Mererani nayo ni Simanjiro hiyohiyo, iligunduliwa 1967, lakini kule ndani wanaoshikilia uchumi ni mifugo. Nenda siku ya mnada utaona.